Nachora bibi, anatoka mtu mwingine (na mchuzi uko jikoni)

Cherehani_Tanga
Wakuu habari za jioni. Mimi fundi cherehani, Ngamiani. Nikifunga kibanda starehe zangu ni mbili: kupika mchuzi wa samaki na kuchora sura za watu wa nyumbani. Vyote nafanyia jikoni, basi daftari linanuka thomu.

Sasa namchora marehemu bibi kutoka kwenye pasipoti saizi. Pua yake, mdomo wake, ila mama akitazama anauliza, "Nani huyu?" Paji la uso linatoka fupi. Weusi wake nao siupati: nikikandamiza penseli ya HB, karatasi inang'aa tu.

La pili, wapishi: mchuzi wa nazi naweza kuuacha wakati gani nikae na penseli?

Kivuli_Kizito
Pima macho kwanza. Kwa mtu mzima yanakaa karibu katikati ya kichwa, kati ya utosi na kidevu. Wengi huyapandisha, ndiyo maana paji linaliwa. Na hesabu utosi wenyewe, si pale nywele zinapoanzia. Kilemba kisikudanganye.

Toa kopi ya picha (ya bibi usiiguse!), ipige miraba ya sentimita 1, karatasi yako ipige ya sentimita 3, kisha hamisha mraba kwa mraba. Ukikwama geuza vyote juu chini. Utaacha kuchora "pua" na kuanza kuchora unachokiona.

HB ni ngumu, tafuta penseli laini, 4B na 6B. Lakini risasi ya penseli hung'aa ikizidi, hivyo weusi wa kweli utaupata kwa mkaa wa kuchorea. Pale mwanga unapogonga, paji na ncha ya pua, acha karatasi wazi.

Bi_Mkubwa_Pangani
Shikamoo hakuna? Haya, marahaba.

Kitunguu hakiachwi, kikiungua mchuzi mzima mchungu. Thomu, tangawizi na bizari ndio kabisa, ni kufumba na kufumbua. Nyanya zikaange mpaka mafuta yajitenge. Ukishatia tui jepesi na ukwaju, punguza moto, hapo kachore hata sikio zima. Kisha rudi utie samaki uliyemkaanga, na tui zito mwisho. Hapo penseli chini! Usifunike, koroga taratibu mpaka lianze kutokota, epua. Ukiliacha lichemke kwa fujo linakatika, unabaki na mafuta juu na maji chini.

Mzee_wa_Raba
Miraba inakufanya fotokopi. Mchore mama yako akichambua mchele, mtu anayepumua. Mkono ukizoea, hata pasipoti saizi itakusikiliza.

Cherehani_Tanga
Shikamoo Bi Mkubwa, uniwie radhi.

Kivuli, nimepima: macho yalikuwa juu kwa upana wa kidole. Nimeyashusha, na mama safari hii kanyamaza muda, kisha akasema masikio ni ya babu. Nafikiri tunasogea. Mzee, mama hakai. Nikishika penseli anakumbuka kazi uani.

Huo mkaa hautafutika nikiitundika ukutani?

Kivuli_Kizito
Utafutika. Kuna dawa maalumu ya kupulizia. Wengi hutumia spreyi ya nywele, kwa mbali na kidogo kidogo, ila karatasi inaweza kugeuka njano baadaye. Mimi ningeiweka kwenye fremu yenye kioo, kioo kisiguse mchoro. Na usiitundike jikoni, mvuke wa huo mchuzi utaimaliza.