Spika 8, viti 2: sauti inavuja kwa jirani

Wakuu, nimepanga spika 8 kwa mstari, sentimita 5 kati ya moja na nyingine, kila moja na kichujio chake cha kidijitali (hesabu inayobadilisha sauti kabla haijafika kwenye spika). Kiti cha kushoto kisikie, cha kulia kiwe kimya. Juu ya 3 kHz inavuja, na besi inakwaruza. Kosa liko wapi?

— Mkuu, uvujaji huo hauzuiliki kwa kichujio. Gawanya kasi ya sauti, 343 m/s, kwa mara mbili ya nafasi kati ya spika (0.1 m): 3,430 Hz. Ukivuka hapo miale ya pembeni inazuka, yaani sauti inaelekea pia upande usioutaka. Zisogeze hadi sentimita 3, utafika kama 5,700 Hz, ila safu ikifupika besi inazidi kuwa ngumu kuitenganisha.

— Kuhusu besi: huko chini spika zote zinafika kwenye viti vyote karibu sawasawa, hivyo ukigeuza matriki (jedwali la namba zinazoonyesha sauti ya kila spika inavyofika kila kiti) ili kupata vichujio, unapata nguvu kubwa mno zinazopingana. Kabla ya kuigeuza, ongeza kwenye ulalo wake (namba za mshazari, kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia) asilimia 1 ya thamani kubwa kuliko zote. Chini ya 300 Hz pandisha zaidi. Na upime sauti sehemu 9 tofauti kwenye kila kiti. Ukipima moja tu, kichwa kikigeuka ukimya umepotea.

— Cheleweshea kichujio nusu ya urefu wake: kikiwa na sampuli 2,048 (vipande vidogo vya sauti ya kidijitali), kicheleweshe sampuli 1,024. Usipofanya hivyo, sehemu inayopaswa kutangulia inajikunja hadi mwishoni mwa kichujio, unasikia mwangwi baada ya sauti yenyewe.