Kujitolea na mbwa Jumamosi: shelta, kulea nyumbani ama kampeni za chanjo?

Njeri_Rongai
Habari zenu wadau, naomba mawazo yenu. Tangu nibadilishe kazi Jumamosi zangu zote ziko wazi na nimetamani siku nyingi kusaidia mbwa, huku kwetu Rongai kila asubuhi nikienda steji napita mama mbwa na watoto wake wanne kwenye jaa la taka nyuma ya maduka na inaniuma sana. Nimeangalia naona njia tatu. Niende shelta, yaani makao ya mbwa wasio na mwenyewe, KSPCA (shirika la kutunza wanyama) wako hapo Lang'ata Road upande wa Karen na kuna hizi ndogo za watu binafsi nje ya mji. Ama nichukue mbwa mmoja nimlee kwangu mpaka apate mwenyewe. Ama nijiunge na wale wa kuchanja na kuhasi mitaani. Mliofanya hizi kazi niambieni ukweli, gani inasaidia mbwa zaidi na gani mtu mwenye kazi ya wiki nzima anaweza kushikilia? Sijawahi kufuga, mbwa pekee niliyemjua ni wa guka (babu yangu) na alifungwa mnyororo mchana kutwa.

Otis_K
Karibu sana Njeri. Mi niko mwaka wa tatu kwa shelta ndogo, kwa hivo nikwambie ilivyo. Kazi kubwa ni kuosha. Unafika saa mbili asubuhi unavaa gambuti, unatoa kinyesi banda kwa banda, unasugua sahani za maji, unasaidia kupika ugali na omena kwa sufuria kubwa, unatoa kupe, na kutembeza mbwa ni baada ya hiyo yote. Na usidhani kuosha ni kazi ya pembeni tu, hiyo ndo inaokoa maisha. Pavo, ule ugonjwa wa mbwa wa kuhara na kutapika, ikiingia inaweza kumaliza watoto wa mbwa wote ndani ya wiki, na kale kavairasi kanakaa kwa udongo miezi mingi, sabuni ya kawaida haikaui. Unatoa uchafu wote kwanza, alafu Jik kikombe kimoja kwa maji vikombe 30, uache ikae dakika 10 ndo usuuze. Ukimwaga Jik juu ya kinyesi umepoteza Jik bure. Na uanze na banda la watoto ndo uende kwa wakubwa, wale wagonjwa wawe wa mwisho kabisa, usitoke kwa mgonjwa na gambuti zilezile ukaingia kwa wadogo.

Kitu ingine. Kuna jike mmoja aliletwa akiwa ameangalia ukuta tu, hali chakula mtu akiwa hapo, hageuki. Jumamosi ya kwanza nilikaa chini mlangoni nikampa ubavu, sikumwangalia machoni, nikaacha omena kidogo nikaondoka. Ya pili hivo hivo. Ya tano ndo alikuja akaninusa mgongo. Sa fikiria kama ningeenda moja nikapotea mwezi, yeye angeanza kuhesabu upya. Kwa hivo ukiniuliza gani bora nitasema ile hutakosa.

MamaWaBobi
Mi nimelea nyumbani mbwa sita kwa miaka minne. Kwa mbwa mwenyewe nyumbani ni bora kushinda banda, hakuna ubishi, anajifunza sauti za sufuria, watoto, redio, na yule atakayemchukua unaweza kumwambia huyu anaogopa fimbo, huyu anaiba viatu, huyu halali bila kitambaa. Watu wa shelta hawawezi kujua hayo yote wakiwa na mbwa 80. Lakini dada kama unatoka saa kumi na moja asubuhi kuwahi matatu na unarudi usiku, usichukue mbwa aliyetoka kwa mateso. Wanasemaga siku 3 za kutulia, wiki 3 za kuzoea, miezi 3 za kujiona yuko kwao, na mi nimeona ni kweli kabisa. Zile siku tatu za kwanza lazima mtu awepo.

Alafu ongea na landlord kabla hujaleta mbwa, si baada. Mi wa pili ilibidi nimrudishe shelta kwa sababu ya majirani wa ploti na vile aliniangalia nikifunga geti mpaka leo siwezi kusahau. Na uulize mapema chakula na daktari analipa nani.

Baraka_Usa
Wakuu habari za jioni, niko Arusha, mimi ni mtaalamu wa mifugo ngazi ya diploma. Dada Njeri umeuliza gani inasaidia mbwa zaidi, kwa idadi ni kampeni, samahani kwa wenzangu wa shelta. Siku moja mnachanja mbwa mamia, na ukishachanja kama asilimia 70 ya mbwa wa eneo kichaa cha mbwa kinakosa pa kupita. Pemba walifanya hivyo, ugonjwa ukaisha 2014, mwaka 2016 ukarudi, wakachanja tena kwa nguvu na mwishoni mwa 2018 ukaisha tena. Kenya kwenu mna mpango wa kuutokomeza ifikapo 2030. Kichaa kikiisha hata yale mambo ya kuwapa mbwa sumu mitaani yanapungua maana watu wanaua kwa hofu.

Shida ya kampeni ni kwamba si kila wiki. Nyingi zinakuja karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, halafu kimya. Na huhitaji kushika sindano, wanahitaji mtu wa kuandika kadi, wa kupanga foleni watoto waliokuja na mbwa wamefungwa kamba ya katani wasikaribiane wakapigana, hiyo kazi ni ngumu kuliko unavyodhani. Ila kabla ya yote chanjwa wewe mwenyewe. Ya kujikinga ni sindano mbili, leo na baada ya siku 7. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili halafu hospitali, hata kama ulishachanjwa. Ukiwa ulishachanjwa wanakuongezea sindano chache tu. Dalili zikishaanza hakuna dawa, mkuu, hakuna.

binti_mvita
Asalaam aleikum. Naongezea kwa Waislamu wenzangu wanaosoma hapa kimya kimya, maana nilikuwa mmoja wao. Nilidhani hii kazi si yetu. Nikamuuliza ustadhi wangu, akaniambia kwetu wa madhehebu ya Shafi mate na majimaji ya mbwa ni najisi, paoshwe mara saba na moja iwe kwa udongo, lakini mkavu kwa mkavu hakuhamishi najisi, na huruma kwa mnyama ina thawabu. Akanikumbusha yule mtu alieshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Sasa nina dera langu la shelta, glavu na gambuti, vyote vyabaki huko huko. Wengine hawataki kugusa kabisa, wao huandika daftari, hupika, hubeba maji. Muulizeni mwalimu wenu, lakini msikae mbali kwa kudhani tu.

Njeri_Rongai
Jamani asanteni, nimesoma zote mara mbili. Kulea nimeacha kwa sasa, natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, MamaWaBobi umeniokoa na kumuumiza mbwa. Naanza na shelta kila Jumamosi na Septemba nitaandika kadi. Lakini bado nawaza wale wa jaa, mama na wanne. Niwabebe niende nao Jumamosi?

Otis_K
Usiwabebe hivo tu. Piga simu shelta kwanza uulize kama kuna nafasi na kama wana sehemu ya kutenga wageni, wakitoka na pavo huko jaani wataua walio ndani. Na usikaribishe mkono kwa mama mwenye watoto, hata akiwa mpole kiasi gani. Wekea maji na chakula mbali kidogo, saa ile ile kila siku, akuzoee.

Baraka_Usa
Na angalia kama watoto wameshafumbua macho. Hufumbua wakiwa na wiki mbili hivi. Kama bado, usiwatenganishe na mama kabisa.

Njeri_Rongai
Wamefumbua, mmoja mweusi tayari anatembea. Kesho napita na maji.