Nywele za wigi kwenye vitabu vya kale: zilitoka kichwa cha nani?

MshonaWigi_Mwenge aliuliza:

Habari za jioni wana jukwaa. Mimi nashona wigi, fremu yangu iko Mwenge. Binti yangu ameazima Mabepari wa Venisi, ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969, na huwa ananisomea kwa sauti mimi nikiwa na sindano mkononi. Tukafika pale Bassanio anaposimama mbele ya masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi. Anasema uzuri unanunuliwa kwa kupimwa uzito. Anasema zile nywele za dhahabu zinazochezacheza na upepo mara nyingi ni urithi kutoka kichwa kingine, na fuvu lililoziotesha liko kaburini. Nikamwambia mtoto asimame, arudie.

Wengine labda wanasikia fumbo hapo. Mimi nilisikia habari za kazi yangu. Nywele za binadamu zinauzwa kwa gramu mpaka leo. Mteja akija anashika fungu, anapitisha vidole, anauliza urefu, anauliza kama zinapokea rangi na kama zitavumilia pasi. Kichwa zilikotoka hakiulizwi. Hata mimi ninayenunua kwa jumla natajiwa jina la nchi tu, na mara nyingine jina lenyewe ni la kupambia bei.

Kwa hiyo nauliza wasomaji: zamani hizo watu walivaa kweli nywele za maiti, au mwandishi alikuwa anatisha? Na kuna kitabu cha kale kinachomtaja mwenye nywele zake, yule aliyekatwa? Wanaozivaa nimeshawasikia vya kutosha.

Mwl_Kibena alijibu:

Mama, nimefundisha fasihi sekondari mpaka nikastaafu, na mstari huo wa Bassanio wanafunzi huupita mbio wakiwahi kujua sanduku gani lina picha ya Portia, binti anayemposa. Nafurahi umesimama hapo.

Hakuwa anatisha watu bure. London ya wakati ule nywele za bandia zilikuwa biashara, na Shakespeare amelirudia jambo hilo kwenye soneti (shairi la mistari 14) yake ya 68, ambako nywele za wafu zinanyolewa ili ziishi mara ya pili juu ya kichwa kingine. Halafu kuna hili utakalolipenda: miaka ya mwanzo ya 1600, baada ya tamthilia hiyo kuandikwa, alipanga nyumbani kwa Mfaransa aitwaye Christopher Mountjoy, mtaa wa Silver Street. Kazi ya nyumba ile ilikuwa kutengeneza mapambo ya kichwa ya wanawake wakubwa. Tunajua kwa sababu mwaka 1612 mkwe wa Mountjoy alimshtaki kwa ajili ya mahari aliyoahidiwa (kwao baba wa binti ndiye aliyetoa), na Shakespeare akaitwa kutoa ushahidi. Kwa hiyo mshairi huyo aliishi na watu wa ufundi unaokaribiana na wako.

Hofu ya nywele za wafu ilikuwa ya kweli. Tauni ilipoikumba London mwaka 1665, ofisa mmoja wa serikali, Samuel Pepys, aliandika kwenye shajara yake tarehe 3 Septemba kwamba amevaa wigi yake mpya, ila aliinunua zamani na hakuthubutu kuivaa, maana aliinunua Westminster wakati tauni iko huko. Akawaza fasheni ya wigi itakuwaje ugonjwa ukiisha, kwani nani atathubutu kununua nywele ambazo huenda zimekatwa kwa waliokufa kwa tauni?

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo zito. Rudi nyuma zaidi ya miaka 2,000, Roma. Mshairi Ovid anamgombeza mpenzi wake aliyepaka rangi mpaka nywele zikanyonyoka (nadhani wateja wa aina hiyo unao). Anamwambia: sasa Germania itakuletea nywele za mateka. Na kila mtu akikusifu utaona haya, utajisemea kwamba anayesifiwa ni mwanamke fulani wa Wasigambri, si wewe. Mwanamke huyo hana jina, lakini kabila lake limetajwa, na tunajua kwamba alitekwa vitani. Baadaye mshairi mwingine wa Roma, Martial, alimwandika Fabulla, anayeapa kuwa nywele alizonunua ni zake. Huyo aliyeziuza hayumo kabisa.

Karne ya 19 ndipo mwenye nywele anapewa sura. Fantine katika riwaya ya Les Misérables (1862) anauza zake kwa faranga 10 ili amnunulie mtoto nguo ya kumkinga na baridi. Lakini kitabu chako wewe ni The Woodlanders cha Thomas Hardy, cha 1887. Kinyozi anafunga safari mpaka kijijini, usiku, kumshawishi msichana maskini Marty South amuuzie nywele, kwa sababu Bi. Charmond tajiri amemwona kanisani na rangi zao zinafanana. Bei ni paundi mbili za dhahabu. Anakataa. Baadaye anasikia kwamba kijana anayempenda amekusudiwa binti mwingine. Anachukua mkasi, anakata mwenyewe, anazifunga mafungu huku ncha zote zikielekea upande mmoja kama kinyozi alivyomwelekeza.

Bint_Kibokoni aliandika:

Assalamu alaykum. Mwalimu ameeleza vizuri, nami naongeza la kwetu pwani. Katika utendi wa Mwana Kupona, aliomwandikia bintiye mwaka 1858, mama anamwusia aoge, ajisinge, afunge nywele zake, atunge asumini. Mapambo yamejaa tele humo: manukato, vidani, makoa ya mikononi. Nywele za kununua sijazikuta humo, na sishangai. Hadithi ya Mtume (s.a.w.) inawakataza anayeunga nywele na anayeungwa, na imepokewa kuhusu bibi harusi aliyeugua nywele zikamtoka. Tena waraka wa kwanza kwa Timotheo nao unawaambia wanawake wasijipambe kwa kusuka nywele na dhahabu na lulu. Basi ugomvi wa nywele ni wa kale, dada, na pande zote.

MshonaWigi_Mwenge aliandika:

Waalaykum salaam dada yangu, ahsante. Bibi harusi huyo amenigusa, maana nina wateja waliopoteza nywele kwa matibabu, na wengine wao huja na mama zao.

Shikamoo mwalimu. Hilo la ncha kuelekea upande mmoja limenifanya niweke kazi chini. Unywele una magamba madogo sana, yote yamelala kutoka shinani kwenda nchani. Ukichanganya, mashina huku na ncha huku, magamba yanashikana, nywele zinajisokota kisogoni na hakuna mafuta yatakayozifungua. Nywele zinazookotwa kwenye vitana na sakafuni ndivyo zilivyo, kwa hiyo viwandani huziloweka kwenye asidi ili kuondoa magamba, halafu zinapakwa silikoni zing'ae. Zinang'aa mpaka utakapoziosha mara chache. Zile zilizokatwa kichwa kimoja zikafungwa hapohapo ndizo ghali kuliko zote. Huyo kinyozi alijua kazi, na huyo Hardy lazima alimsikiliza fundi.

Na kinyozi kumfuata Marty mwenyewe kunaeleweka. Kuoanisha rangi ya nywele za mteja na za fungu ndio mtihani wa kazi hii. Mchanganyiko ukiwa na rangi tofauti hata kidogo, juani utaonekana.

Niambie mwalimu: Marty alinyamaza tu? Aliziona kichwani kwa yule bibi?

Mwl_Kibena alijibu:

Marahaba mama. Hakunyamaza. Daktari Fitzpiers, mume wa mtu, alipomwangukia Bi. Charmond, Marty alimwandikia daktari barua kumweleza kwamba sehemu ya nywele zile anazozipenda zilitoka kwake. Barua ilikaa muda bila kusomwa. Iliposomwa, wale wawili walikuwa nchi za nje pamoja. Wakagombana kwa sababu yake na wakaachana. Msomee binti sura ya pili na ya tatu kwanza, pale penye mkasi.