Upimaji wa VVU wakati wa mlipuko: tupange nini mapema?

Mhudumu wa Zahanati, Kilifi
Salaam, wanajukwaa. Ninaandika sehemu ya VVU katika mpango wa dharura wa zahanati yetu. Tarehe 8 Aprili 2020, serikali ilipopiga marufuku kutoka na kuingia Kilifi, Kwale na Mombasa kwa sababu ya korona, huku kafyu ikianza saa moja jioni, waliokuwa wameandikishwa kwenye matibabu ya VVU tuliweza kuwapa dawa za miezi kadhaa. Wasioijua hali yao ndio waliotupotea, kwa kuwa upimaji wetu wote ulimngoja mtu aje mwenyewe hospitalini, mahali alipokuwa akipaogopa. Mngeanzia wapi?

Mshauri Nasaha
Ningeanzia kwenye vipimo vya kujipima, ambavyo Kenya ilivizindua mwaka 2017. Mtu hupitisha kijiti kwenye ufizi, akasoma jibu nyumbani. Jibu likionyesha maambukizi bado si la mwisho, bali ni lazima lithibitishwe kituoni kwa vipimo vya damu. Kwa hiyo kila kipimo kinachotoka kiandamane na nambari ya simu ya mshauri atakayepokea kweli. Vilevile, kabla ya kumpa mjamzito kipimo cha kumpelekea mumewe, muulizeni faraghani kama jambo hilo litamletea kipigo.

Mpokeaji Huduma, Mombasa
Mwenzetu, hata upande wa dawa usiuhesabu kuwa umekwisha. Waliopewa akiba ndefu ni sisi ambao virusi vyetu vilikuwa vimefubazwa, yaani dawa zilikuwa zimevidhibiti. Aliyeanza dawa juzi alitakiwa kurudi mara kwa mara, naye ndiye mwepesi kukata tamaa. Tena chupa kubwa ya vidonge ni vigumu kuificha katika chumba kimoja ambamo familia nzima imefungiwa, na wengi wetu hatujawaambia jamaa zetu. Nao mpango wa kutoa dawa za miezi mitatu kwa mara moja unataka ghala lenye dawa: mwanzoni mwa 2021, dawa za msaada kutoka Marekani zilikwama bandarini hapa Mombasa kwa sababu ya mvutano wa kodi.

Fundi wa Maabara
Naongezea watoto wachanga, ambao mipango mingi huwasahau. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu, na zinazoweza kupima VVU kwa watoto, ndizo zilizotumika pia kupima korona. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hupimwa akiwa na wiki sita, na kama ameambukizwa, asipotibiwa anaweza kufariki katika miezi yake ya kwanza. Basi andikeni waziwazi kwamba sampuli yake haipangi foleni nyuma ya sampuli za wasafiri wanaopimwa korona. Wiki sita ndio wakati wa chanjo pia, kwa hiyo mama asiitwe mara mbili.

Mhudumu wa Zahanati, Kilifi
Ahsanteni. Suala la wachanga nitalitanguliza. Linalonisumbua sasa ni hiyo simu ya mshauri: kwenu, vocha yake ililipwa na kaunti au na mshauri mwenyewe?