Acheni kutuambia kumuuza McTominay ilikuwa biashara nzuri

Nimechoka jamani. Jana baada ya Isha, barazani hapa Mkunguni, mtu mzima na kofia yake ya vito ananiambia Manchester United walifanya sawa kumuuza kiungo wao McTominay kwa Napoli kwa sababu "hana mpira mguuni". Huyu huyu Mei 2025 tulikaa naye benchi moja kwenye banda la kuonyeshea mpira: Jumatano tunafungwa 1-0 na Tottenham kwenye fainali ya Ligi ya Europa kule Bilbao, Ijumaa tunamtazama McTominay akiruka hewani na kuifunga Cagliari, Napoli wanabeba ubingwa wa Italia kwa kuizidi Inter pointi moja. Mzee alipiga makofi mpaka chai yangu ikamwagika. Leo amesahau.

Kasoro za yule kijana nazijua kuliko hao wanaomtukana. Beki akimpa mpira huku mgongo wake umeelekea lango la adui, ataurudisha ulikotoka. Akibanwa na watu wawili anajificha nyuma yao, haombi pasi. Pasi ya kupasua mistari kwake ni bahati nasibu. Yote kweli, sibishi. Alipokuwa na kiungo mwenzake Fred pale kati nilikuwa nimefunika uso, natazama mechi kupitia upenyo wa vidole.

Lakini nani alimwambia awe namba sita? Karibu kila kocha aliyepita alimuona mrefu, ana mbio, basi akamsimamisha mbele ya mabeki. Unamchukua baharia hodari wa kutweka tanga, unampa usukani usiku, jahazi likipanda mwamba unamlaani yeye! Kazi yake ni kufika boksi amechelewa, wakati mabeki wameshamfuata straika. Kocha Ten Hag alipomsogeza mbele msimu wa 2023/24 akatupa mabao 10. Brentford mnaikumbuka? Oktoba 2023, tuko nyuma 1-0, nusu ya watu wameshatoka bandani kutafuta viatu vyao, akaingia akafunga mawili dakika za nyongeza. Mimi nilibaki. Wale waliotoka ndio leo wachambuzi.

Na msidanganyike kwamba aliuzwa kwa sababu ya mpira. Aliuzwa kwa sababu ya daftari. Mchezaji wa kununuliwa, bei yake inagawanywa kwa miaka ya mkataba, kwa hiyo ukimuuza unakatwa kile kilichobaki. Huyu kaingia akademi akiwa mtoto mdogo kabisa, vitabuni hana bei, basi zile pauni milioni 25 hivi za Napoli zote zikaandikwa faida. Sheria za matumizi za Ligi Kuu ya Uingereza wakati ule ndivyo zilivyokuwa, mwana wa nyumbani ndiye wa kwanza kupelekwa mnadani. Hapo siwalaumu sana. Shida ni walichofanya na pesa.

Siku hiyo hiyo, tarehe 30 Agosti 2024, wakamleta kiungo mkabaji Ugarte kutoka PSG kwa zaidi ya pauni milioni 40. Kijana anakaba kweli, miguu ya chuma, sina ugomvi naye. Ila mwambie apige pasi ya mbele! Yaani tumemtoa kiungo mwenye upungufu anayefunga, tukamleta mwenye upungufu ule ule asiyefunga, na juu yake tukaongeza pesa. Msimu ukaisha tuko nafasi ya 15, mabao 44 mechi 38. McTominay peke yake kafunga 12 ligi ya Italia na akachaguliwa mchezaji bora wa msimu kule.

Conte, kocha aliyempokea Napoli, hakumfanyia uganga wowote. Alimuacha akimbie anakojua kukimbia, na kazi ya kupanga pasi akampa kiungo mwenzake Lobotka.

Kwa hiyo huyo mzee wa kofia, na wenzake wa mtaa wa Langoni wanaomuunga mkono, leo baada ya Isha niko pale pale Mkunguni. Mje na jibu moja tu: kama ilikuwa biashara nzuri, tulinunua nini? Na chai yangu ile nailipisha.