Wenye mashamba ya mpunga Usangu, hii kodi ya msimu mmoja mmoja ni unyonyaji!

Wakuu, nimechoka na lazima niseme. Nakodi shamba la mpunga huku Mbarali, bonde la Usangu mkoani Mbeya, ekari nne. Nilipolichukua lilikuwa pori la ndago, maji upande mmoja yanafika kiunoni, upande wa pili hayafiki kabisa. Nikaweka vibarua wakachonga majaruba (vitalu vyenye kingo za udongo za kutunza maji) upya, wakasawazisha, wakafungua mfereji. Mpunga ukatoka vizuri. Mwenye shamba kuja kuona magunia, papo hapo akaniambia msimu ujao kodi inatoka laki tatu kwa ekari hadi laki nne na nusu, kama siwezi kuna mtu ana hela mkononi.

Yaani thamani niiongeze mimi, halafu niuziwe tena!

Hesabu ya ekari moja hii hapa. Kodi 300,000. Trekta kulima na kupiga haro 120,000. Mbegu ya mpunga aina ya Saro na kitalu 40,000. Kupandikiza 130,000. Mbolea 210,000. Dawa na palizi 90,000. Kuamia ndege na kulinda maji 60,000, maana usipolala kwenye mfereji jirani anakugeuzia. Kuvuna na kupuria 150,000. Jumla 1,100,000. Nikavuna gunia 18, nikauza shambani kwa 75,000, tena la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, kwa sababu vibarua wanaonidai hawasubiri bei ipande. Ni 1,350,000. Nimebaki na 250,000, na hapo sijatoa gharama ya majaruba. Aliyelala nyumbani kachukua 300,000, taslimu, kabla hata mvua haijanyesha. Maji yakikatika au kwelea kwelea wakishuka, yeye hela yake imeshaliwa zamani.

Na kinachoniuma zaidi ni mbolea ya ruzuku. Ilipoanza msimu wa 2022/2023, DAP, mbolea ya kupandia, ikashuka hadi 70,000 kwa mfuko, tulishangilia. Huku kwetu unafuu ule haukukaa mfukoni mwetu tunaokodi hata misimu miwili. Kodi zikapanda, wenye ardhi wakaumeza.

Msiniambie niende Baraza la Ardhi la Kijiji. Najua lipo, na najua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu kukodishana. Lakini baraza litaangalia karatasi, na karatasi yenyewe ni ukurasa wa daftari ulioandikwa "msimu mmoja", una sahihi mbili na muhuri wa mtendaji. Gharama ya majaruba haimo.

Ninachotaka ni mkataba wa misimu mitatu, kodi isiguswe humo katikati, nusu ilipwe mwanzo na nusu baada ya mavuno, na nikiondolewa mapema nirudishiwe gharama za kuchonga. Mwenye shamba akikataa hayo, ekari zake azilime mwenyewe.

Walioko Kilombero, Kyela au Shinyanga waliofanikiwa kupata mkataba wa namna hiyo, wekeni maneno yake hapa tuyanakili.