Siku mbili Kampala na mzee wangu mpiga adungu: tuanzie makumbusho gani?

Mwalimu wa Ediofe

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Arua, huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nafundisha Kiswahili na historia sekondari. Likizo hii nimepata nafasi ya kushuka Kampala, Jumamosi na Jumapili, na siku zote mbili nataka ziende kwenye makumbusho. Tutakuwa watatu: mimi, mwanangu wa miaka 12, na baba yangu ambaye ametimiza 74.

Niwaeleze kisa chenyewe. Mzee ni Mualur wa upande wa Nebbi, amepiga adungu, kinubi cha kwetu, tangu ujana. Mwaka 1980 vita vilipofika West Nile, familia ilivuka kwenda Zaire. Adungu aliyoachiwa na babu yake ilibaki nyumbani, ikaungua pamoja na nyumba. Kiswahili chake chote alikitoa huko Zaire, mimi nimekuja kukisomea tu. Aliporudi alitengeneza adungu nyingine, lakini mwanangu anaijua kama chombo cha kwaya kanisani, basi. Sasa mzee amesikia kwamba Kampala kuna nyumba ya serikali yenye ala za makabila yote. Juzi tukiwa tunakula akaniambia, "Nipeleke nikaone kama yetu wameiweka vizuri."

Nimeandika orodha: Makumbusho ya Uganda, makaburi ya Kasubi, Lubiri ya Mengo (kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda), Namugongo ya mashahidi, na msikiti mkubwa wa Old Kampala. Je, inawezekana kwa siku mbili? Goti lake la kushoto linamsumbua, na mfuko ni wa mwalimu.

Kijana wa Kamwokya

Karibu Kampala, Mwalimu. Orodha yako ni ya siku nne, na hizo siku nne ni za watu wenye magoti mazima. Kampala ni vilima, na kati ya kilima na kilima kuna jamu. Namugongo iko nje kabisa upande wa mashariki, Kasubi iko magharibi kwenye barabara ya Hoima. Ukiziunganisha siku moja, mzee ataona viti vya taksi kuliko atakavyoona makumbusho.

Msikiti wa Old Kampala ni mzuri, lakini raha yake kubwa ni kupanda mnara uutazame mji wote. Ngazi ni nyingi mno. Goti hilo litakataa, mtoto atapanda, na wewe utabaki katikati hujui umfuate nani. Uache.

Basi lenu likiwashusha Arua Park, kituo cha mabasi hapa Kampala, msilale pale, kelele za mizigo haziishi hadi alfajiri. Njooni upande wetu wa Kamwokya au Mulago, kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida, na Makumbusho ya Uganda iko hapo hapo Kira Road. Asubuhi kuleni rolex ya barabarani, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, mtembee taratibu. Na beba kitambulisho cha taifa, kwa kuwa kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni.

Msikiliza Ngoma

Mwalimu, nimesoma habari ya mzee mara mbili. Ningekuwa wewe, Jumamosi yote ningeipa Makumbusho ya Uganda. Yote, tangu wanapofungua mpaka mzee mwenyewe aseme twende.

Nyumba hiyo ilianza mwaka 1908 kwenye ngome ya Lugard, Old Kampala. Vitu vya kwanza kukusanywa vilikuwa vingi vya ibada za jadi, hirizi na pembe, ndiyo maana Waganda waliiita Enyumba ya Mayembe, na wengine waliogopa hata kuingia. Mwaka 1942 ikahamia Makerere, halafu 1954 ikafunguliwa hapo ilipo leo, katika jengo lililochorwa na msanifu Mjerumani Ernst May.

Lakini mzee wako anapaswa kusikia habari ya mtu mwingine, Klaus Wachsmann. Aliitunza makumbusho hiyo kuanzia 1948 hadi 1957. Alizunguka nchi na mashine ya kurekodi, akawapigisha watu ala zao vijijini mwao. Yeye aliamini kwamba ala ikikaa kimya ndani ya kioo imekufa nusu, kwa hiyo akaajiri wapiga muziki wa kupiga ndani ya makumbusho, na watu wakawa wanakuja kusikiliza. Nakala za rekodi zake sasa ziko pia Makerere, zilirudishwa kutoka Uingereza.

Ukumbi wa ala umepangwa kwa aina: ngoma pamoja, za kupuliza pamoja, za nyuzi pamoja. Usimpeleke mzee moja kwa moja kwenye adungu. Mwache apite kwanza kwenye endingidi ya Waganda yenye uzi mmoja, aone okeme ya Waacholi na Walango inayopigwa kwa vidole gumba, afike kwake akiwa ameshazoea macho. Kisha kaa kimya, mwache yeye amfundishe mjukuu. Tafadhali muulizeni mhudumu kabla ya kugusa chochote. Ukimweleza kwamba huyu ni mpigaji wa adungu, watu wa pale wanasikia.

Nasema haya kwa uchungu kidogo. Mimi nililetwa pale nikiwa darasa la sita, tukapitishwa kwa mstari, mwalimu anahesabu vichwa, tukatoka bila kusikia hata mlio mmoja. Nilirudi nikiwa na miaka 30 ndipo nikaelewa nilichokosa.

Nnalongo wa Nateete

Mwalimu, usiikate Kasubi. Nakuomba. Pale wamelala Kabaka wanne: Muteesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Edward Muteesa. Nyumba kubwa, Muzibu Azaala Mpanga, iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Nilikuwa miongoni mwa waliokwenda asubuhi yake, tukalia kama watu waliofiwa, kwa sababu tulikuwa tumefiwa. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka huo huo, na haikutoka humo mpaka 2023. Miaka kumi na mitatu! Mtoto wa historia akiangalia paa lile ataona kazi: kuezeka ni wajibu wa ukoo wa Ngeye tangu zamani, na duara za ndani ya paa ni 52, kila moja kwa ukoo wake.

Wewe vaa sketi ndefu au ujifunge leso, suruali hapana. Viatu vinavuliwa, na ndani watu hukaa chini kwenye mkeka, kwa hiyo fikiria goti la mzee. Na uulize siku moja kabla kama kuna shughuli ya kimila, kwa sababu pale ni mahali pa ibada kwanza, wageni baadaye.

Mwanachuo Kansanga

Pale Kira Road muulizie pia kichwa cha Luzira, sanamu ya udongo iliyofukuliwa 1929 kwenye kilima cha gereza. Ile ya asili iko London, British Museum. Inaniuma kila nikiikumbuka. Lakini vingine vimeanza kurudi: vitu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, ambavyo misionari John Roscoe alivipeleka Cambridge, vilirudishwa 1962, na mwaka 2024 Cambridge hao hao wakaleta vitu 39, ingawa kwa mkopo.

Msikiliza Ngoma

Hilo neno mkopo ndilo linalonishinda kulimeza. Tuliache, uzi ni wa mzee.

Mwalimu wa Ediofe

Asanteni sana, sana. Namugongo na msikiti nimeshafuta. Swali lililobaki ni Lubiri. Nimesoma kuhusu lile handaki. Sisi ni watu wa West Nile, mnajua jina la Idi Amin, rais wa zamani aliyetoka kwetu, linatufuata kila tuendako. Nimpeleke mtoto wa miaka 12 mahali kama pale, akiwa na babu yake aliyekimbia kwa sababu ya kisasi cha baada ya Amin?

Kijana wa Kamwokya

Mimi nasema hapana. Nililiona nikiwa na miaka 20 na sikulala vizuri. Lilikuwa ghala la silaha, likageuzwa mahali pa kufungia watu, na wengi hawakutoka. Ukutani kuna maandishi. Ngoja afike kidato.

Nnalongo wa Nateete

Ndugu yangu, watoto wa Mengo wanapita pale kila siku, na wanajua. Mtoto akifichwa habari nyumbani ataokota nusu yake barabarani. Na Lubiri si handaki peke yake. Anzieni Bulange, mtembee ile barabara iliyonyooka kati ya bunge la Buganda na lango la kasri, mtaona alama za koo kandokando. Ni tambarare zaidi kuliko sehemu nyingi za mji huu, mzee atapumzika njiani. Handakini si lazima kushuka.

Msikiliza Ngoma

Kuna jambo la Lubiri ambalo halisemwi sana, na linamhusu mzee. Kasri lile lilikuwa na wapigaji wake. Entenga, kwa mfano: ngoma 15, wapigaji sita, kumi na mbili kati ya hizo ngoma zimepangwa sauti hadi zinaimba wimbo. Tarehe 24 Mei 1966 Rais Obote alipotuma jeshi, na Amin ndiye aliyeliongoza, Kabaka alitoroka akaishia Uingereza, wapigaji nao wakatawanyika. Ala nyingi zikapotea siku hiyo. Muziki wa kasri ukanyamaza kwa miaka mingi.

Kwa hiyo muulize mzee mwenyewe. Msimwamulie, mna hofu nyingi kuliko yeye.

Jumapili jioni, kama nguvu zitakuwepo, malizieni Ndere Centre, Ntinda, njia ya kwenda Kisaasi. Wanacheza ngoma za pande zote za nchi, na za West Nile hazikosekani. Baada ya siku nzima ya vitu vilivyotulia, mtoto aone watu wakitoka jasho.

Mwalimu wa Ediofe

Nimemuuliza leo baada ya chakula cha mchana. Nilimsomea maneno yenu yote, hata ya mkopo wa Cambridge. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema jina la Amin mtoto atalisikia tu, afadhali alisikie yeye akiwa amemshika mkono. Handakini hatashuka, ataketi nje. Lakini Lubiri anaitaka kwa ajili ya wale wapigaji wa Entenga. Alirudia mara mbili, "Nao ziliwapotea siku moja?"

Basi imekuwa hivi: Jumamosi Kira Road kutwa, Jumapili asubuhi Bulange na Lubiri, jioni Ndere, Jumatatu basi. Nnalongo, nisamehe, Kasubi tutaifuata safari nyingine, nami nitakuja nimevaa leso.

Ila kuna moja limezuka. Tangu mchana mzee anabadilisha nyuzi za adungu yake. Anataka kuja nayo. Ndani ya basi itakaa wapi?

Kijana wa Kamwokya

Aje na ile ndogo. Ifungeni blanketi kwenye ngozi na kwenye mkono wa nyuzi, alegeze nyuzi kabla ya kupanda, na isiwekwe chini kwenye buti wala juu na mizigo. Ikae mapajani mwa mtoto. Mkifika Arua Park nipigie, nitakutumia namba faraghani, nije na gari la jirani. Bodaboda na adungu, hapana.

Nnalongo wa Nateete

Na mimi nitakuja Kira Road hiyo Jumamosi. Nataka kumsikia mzee.